Kigurudumu cha Jina

Tak-tak-tak. Tak-tak-tak, tak-tak-tak, halafu kengele nyembamba, ting, kama kijiko kilichogonga glasi ya chai.

Mfaume Yahaya, fundi kijana, aliisikia sauti hiyo akiwa bado nyuma ya ukuta wa ghala, anafunga baiskeli yake kwenye nguzo. Hakuhitaji kuona. Alikuwa amezihesabu herufi kwa sikio, tisa kamili, na jina la herufi tisa katika ghala lile lilikuwa moja tu. Aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Mashine imejibu tena?" aliuliza.

"Imejibu," alisema Paskazia, karani wa teleksi, bila kuinua macho. Alichana karatasi, akaiweka mezani, akailaza kwa kiganja. Chini ya swali lililotoka Dar es Salaam palikuwa pamechapwa, kwa wino mweusi usio na aibu: HOLBRECHT.

Ulikuwa mwaka wa tano tangu Azimio la Arusha. Bwana Holbrecht mwenyewe alikwisha kwenda kwao, na ghala lake la nta, lile lililojengwa kando ya njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, lilikuwa mali ya ushirika wa warina asali wa vijiji vya ujamaa. Ubao wa mlangoni ulibadilishwa. Mihuri ilibadilishwa, magunia yakapigwa chapa mpya, hata kikombe cha chai cha meneja kilikuwa kipya. Mashine ya teleksi peke yake ndiyo iliyokuwa haijapata habari.

Maana mashine ya teleksi ina tabia yake. Mtu yeyote, awe Dar es Salaam au Ulaya, anaweza kuibonyezea swali moja: wewe nani? Nayo hujibu yenyewe, hata kama chumbani hamna mtu, hata kama karani amelala. Jibu hilo halimo kwenye kitabu. Limo ndani ya tumbo la mashine, kwenye kigurudumu cha chuma kinachoenea kiganjani, ambacho kimepangwa vitana vidogo kukizunguka, kila kitana herufi moja. Kitana kina meno matano. Jino lililoachwa hugonga, jino lililovunjwa hupita kimya, na kwa kuchagua lipi liachwe na lipi livunjwe, fundi huandika herufi aitakayo. Kigurudumu kikizunguka mara moja, jina limetoka. Ila jino likishavunjwa halioti tena.

"Huko Ulaya wananionaje?" alisema mtu mwingine kutoka kwenye benchi la ukutani. Alikuwa Bundala, mrina asali wa makamo, mjumbe wa vijiji vya misitu ya Sikonge. Alikuwa amekuja na lori la nta tangu Jumatano na hakutaka kuondoka. "Mimi natundika mizinga, napanda miti, naumwa na nyuki mpaka sikio linavimba. Halafu mashine inamwambia mnunuzi kwamba hiyo nta ni ya Holbrecht."

"Leo ni mwisho, Ndugu Bundala," alisema Mfaume.

"Hata jana ulisema leo."

"Jana nilisema kesho. Ndiyo leo."

Bundala alicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Holbrecht alikuwa akiwaandikia wanunuzi wa nta kule ng'ambo kwamba ghala la Tabora bado ni lake, na kama wana shaka waiulize mashine. Wakaiuliza. Mashine, kwa uaminifu wake wote, ikamshuhudia. Sasa mnunuzi mkubwa alikuwa amesema hatapokea neno lolote kutoka Tabora mpaka jibu la mashine lifanane na jina jipya lililosajiliwa. Na kituo cha teleksi Dar es Salaam kilikuwa kimepanga siku ya kulipima jina hilo: Ijumaa hiyo hiyo, saa nane mchana. Likiwa sawa, linaandikwa kwenye orodha. Likiwa si sawa, laini inafungwa na kupewa mwingine anayeingoja, na wanaoingoja walikuwa wengi. Nta ya msimu mzima ingebaki imelala ghalani.

Dar es Salaam walikuwa wamejitolea kuleta fundi wao. Mfaume ndiye aliyekataa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, alikwisha fufua redio za nusu ya mji wa Tabora, na alimwandikia meneja barua ya kurasa mbili kueleza kwamba taifa linalojitegemea haliwezi kungoja mtu apande treni siku nzima kuja kuvunja vijino vya bati. Meneja, Ndugu Lugembe, aliipenda barua ile. Aliisoma kwenye mkutano wa wafanyakazi, watu wakapiga makofi. Halafu alimwita Mfaume kando, akamwambia kwa sauti ya chini, "Umenifanya nimkatae fundi. Likiharibika, mimi sitajua la kuwaambia, lakini wewe utajua pa kwenda." Mfaume alielewa. Angerudi kwenye redio zake chini ya baraza la duka la watu.

Bahasha ilikuwa imefika Jumatatu kwa treni: vitana vipya kumi na viwili, na karatasi ya kuonyesha kila herufi na meno yake. Jina jipya lilikuwa NTA TABORA. Herufi tisa na nafasi moja katikati, ambayo nayo ina kitana chake. Kumi kwa jumla.

Saa tatu asubuhi Mfaume aliizima mashine, akafungua kifuniko, akakitoa kigurudumu na kukiweka juu ya gazeti. Vitana vya HOLBRECHT vilitoka kimoja kimoja, vimeshika vumbi na mafuta ya miaka.

"Vihifadhi hivyo," alisema Paskazia. "Humo mna T, mna R, mna B. Huwezi kujua."

"Nihifadhi jina la bepari?"

"Uhifadhi herufi."

Mfaume alivikusanya vitana kiganjani, akatoka navyo mpaka kwenye jiwe la kupimia magunia, na mbele ya Bundala na wapagazi wa ghala akavigonga kwa nyundo kimoja baada ya kingine mpaka vikalala bapa kama maganda ya karanga. Wapagazi walishangilia. Mmoja alipiga kigelegele cha utani, kile cha harusini. Mfaume alirudi ndani kifua mbele.

Aliketi dirishani penye mwanga. Akashika koleo dogo. Karatasi ya herufi aliibandika ukutani mbele ya macho yake.

"Kata N, urudishe, tuijaribu," alisema Paskazia. "Kisha uendelee."

"Kila nikijaribu ni kufunga na kufungua kutwa nzima. Kazi hii naijua."

"Basi nifundishe na mimi. Mashine nakaa nayo mimi."

"Dada Paskazia, hii si kazi ya kupiga herufi. Ni kazi ya kuzitengeneza."

Paskazia alikuwa binti wa Igunga, amesoma kwa masista. Aliinama akaanza kupanga faili.

Mfaume alikata. Jino likivunjika lilitoa mlio mdogo, tik, likaruka juu ya gazeti. Alikuwa na mkono mzuri, hilo hata maadui zake walilikubali. Hakuchubua jino hata moja lililotakiwa kubaki. Alikata N, akakata T, akakata A, akaingia kwenye mwendo kama mtu anayekariri, karatasi, kitana, tik, karatasi, kitana, tik. Saa nne na nusu vitana kumi vilikuwa vimesimama kwenye kigurudumu, pete ya kuvishikilia imebanwa, kifuniko kimerudi. Ndugu Lugembe alitoka chumbani kwake kuja kushuhudia. Bundala alisimama, akavaa kofia yake.

Mfaume alibonyeza kitufe kinachoifanya mashine ijitaje.

Tak-tak-tak. Kimya. Tak-tak-tak, tak-tak-tak. Ting.

Meneja aliinama juu ya karatasi. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko ulivyohitajika kusoma maneno mawili.

"Hiki ni Kiarabu?" aliuliza.

IEO EOWARO.

Mfaume alibonyeza tena. IEO EOWARO. Mara ya tatu. Mashine haikuwa na haya hata kidogo. Ilisema jina lake kwa sauti ile ile, kwa mwendo ule ule, kama mtoto aliyekariri vibaya na hajui.

"Eowaro," alisema Bundala polepole, akilionja. "Ni mtu wa wapi huyo?"

Hakuna aliyecheka. Ndugu Lugembe alitazama saa ya ukutani, akamtazama Mfaume, akarudi chumbani kwake na kufunga mlango taratibu. Mfaume angependa mlango ule ubamizwe kwa nguvu.

Vitana vipya vilivyosalia vilikuwa viwili. Vya zamani vilikuwa bapa juu ya jiwe. Meno aliyoyavunja yalikuwa yametapakaa kwenye gazeti, na alipoyaangalia aliyaona mengi mno, mengi kama mchele uliomwagika.

"Si yote yameharibika," alisema Paskazia. Alikuwa amesogea na karatasi mkononi. Hakuwa na sauti ya kusuta, na hilo lilimuuma zaidi. "Tazama. R iko mahali pake. Nafasi ya katikati nayo ipo. Halafu kila palipo na A pametoka O, na penye O pametoka A. Hazikuharibika ovyo. Zimebadilishana."

"Mashine imechoka," alisema Mfaume, ingawa hakuamini.

"Mashine iliyochoka haibadilishi herufi kwa adabu namna hii."

Alimpa ile karatasi. Mfaume aliikunja, akaitia mfukoni pamoja na ile ya herufi, akakitoa kigurudumu tena na kukifunga ndani ya leso. Alikuwa na wazo moja tu: mtu anayeweza kuunga pete ya fedha iliyokatika anaweza kuunga jino. Na mtu huyo Tabora nzima alikuwa mjomba wake, Abbasi.

Njiani alipiga pedali bila kuwaitikia watu salamu. Na mwenyewe alijua kwamba safari hii ilikuwa chungu kwa sababu nyingine. Alikuwa amekaa miaka mitatu kwenye benchi la mjomba huyo akiwa kijana, akijifunza usonara na kuchonga mihuri, kazi ambayo babu yao aliifanya tangu siku za misafara, akiwachongea wafanyabiashara wa Ujiji majina yao juu ya shaba. Siku aliyoondoka alisema mbele ya wateja kwamba mihuri ni ufundi wa kuwatumikia matajiri, na kwamba yeye anakwenda kwenye ufundi wa umeme, wa watu wote. Mjomba alikuwa amejibu neno moja: haya.

Mzee Abbasi alikuwa barazani kwake, kioo cha kukuzia kimefungwa jichoni, anachonga jina kwenye muhuri wa shaba wa msikiti. Jiliwa dogo la kubania vyuma lilikuwa mbele yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeme umekatika?"

"Mjomba, nina haraka. Nataka uniungie meno."

"Mimi sonara. Mwenye meno yuko hospitali."

Mfaume alifungua leso. Alieleza yote kwa pumzi moja, Holbrecht na saa nane na vitana vya bapa juu ya jiwe, hakuacha kitu. Hata barua ya kurasa mbili aliitaja. Mjomba alimsikiliza huku akikigeuza kigurudumu kwenye mwanga. Alitoa kitana kimoja kwa kucha ya kidole gumba.

"Nikiunga jino hapa, litashika siku mbili," alisema. "Fedha ni laini. Litapigwa na mashine yako, litaondoka. Nani aliyekata hivi?"

"Mimi."

"Mkono mzuri." Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Hiki ni herufi gani?"

"T. Hugongwa na jino la tano peke yake."

"Na mashine imesema nini?"

"E. Hiyo ni jino la kwanza peke yake."

Mjomba alikigeuza kitana, akakitazama upande wa pili. Aliomba karatasi ya herufi, kisha ile aliyochapa mashine. Hakujua Kiingereza, na herufi za kizungu alizisoma kwa kuzipapasa na macho, lakini nukta za kuonyesha meno alizihesabu upesi.

"R yako hii," alisema. "Ina meno mangapi?"

"Mawili. La pili na la nne."

"Hesabu kutoka upande huu."

"La pili na la nne."

"Sasa hesabu kutoka upande ule."

Mfaume alihesabu. Yalikuwa yale yale, la pili na la nne.

"Kitana ulikishika vipi?" aliuliza mjomba. "Nionyeshe."

Mfaume alichukua kitana kwa mkono wa kushoto, koleo kwa mkono wa kulia, na kabla hajafikiri, ncha ya koleo ilikwenda kukaa juu ya jino la mwisho upande wa kulia. Hapo ndipo mkono wake ulipoanzia. Hapo ndipo ulipoanza kila kitu tangu akiwa na miaka mitano, kwenye ubao wa chuo cha Kurani, mbele ya mwalimu mwenye fimbo ya henzerani: kulia kwenda kushoto. Shuleni walimfundisha baadaye kwenda upande mwingine kwa kalamu. Kwa koleo hakuna aliyemfundisha. Akiwa anasoma karatasi kutoka kushoto, alikuwa akikata kutoka kulia, vitana vyote kumi, bila kukosea hata kimoja.

"Laiti ungetaka muhuri," alisema mzee Abbasi, "ningekupongeza. Mimi nachonga majina kinyumenyume miaka arobaini ili yakipigwa yatoke sawa. Wewe umechonga muhuri, mjomba wangu. Miaka mitatu uliyokaa hapa haikutoka mkononi."

"Kwa hiyo nikivigeuza tu..."

"Ukivigeuza, kila jino linakwenda mahali pake."

Mfaume aliketi. Alikuwa amevunja meno yale yale yaliyopaswa kuvunjwa. Hakuna kilichopotea. Alijisikia kama mtu aliyepekua nyumba nzima kutafuta ufunguo, akaukuta kwenye kamba shingoni mwake.

Kisha akakumbuka, na uso ukamwanguka tena. "Havigeuki. Kila kitana kina kikato kidogo upande mmoja, pete inashika hapo. Upande wa pili hamna. Nikivigeuza vitaruka mashine ikianza kuzunguka."

Mjomba alikwisha funga kitana kwenye jiliwa. "Na hii tupa ulifikiri ni ya kukwangulia viazi?"

Kilichofuata Mfaume alikitazama kama mtu anayekula baada ya kufunga. Tupa ya mjomba ilikuwa nyembamba kuliko ubua wa mtama. Ilipita mara tatu, nne, kwa mlio wa kukoroma kidogo. Mjomba akapuliza, akapima kikato kipya dhidi ya kile cha zamani, akapitisha mara moja zaidi. Kimoja kikaisha. Cha pili.

"Kumi mpaka adhana?" aliuliza Mfaume. "Utawahi?"

"Nane. R haina haja, imeshajigeuza yenyewe. Na hii ya nafasi, jino lake liko katikati. Ukiipindua, imebaki pale pale." Aliendelea kukwangua. "Hivyo viwili vilikuwa na akili kuliko fundi."

"Nastahili."

"Unastahili zaidi ya hilo, lakini sina nafasi, naswalisha leo." Halafu, bila kuinua kichwa, "Kamata hiyo tupa nyingine. Au umeisahau?"

Mfaume aliishika. Haikuwa imebadilika uzito. Walikaa mjomba na mpwa kwenye benchi moja, bega kwa bega, wakikwangua. Watu waliokuwa wakipita kuelekea msikitini walitoa salamu, wakawatazama mara mbili, wakapita. Mfaume alitengeneza vitatu, mjomba vitano. Cha mwisho kilipotoka jiliwani, adhana ya Ijumaa ilikuwa inaanza, na mjomba alikuwa ananawa mikono kwenye birika.

"Twende msikitini kwanza," alisema. "Chuma hakitakimbia. Saa nane haijafika."

Mfaume alikwenda. Alisimama safu ya pili na kigurudumu mfukoni kikimgonga paja kila alipoinama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kichwa chake kilikuwa kimenyamaza.

Alifika ghalani saa saba na nusu. Paskazia alikuwa amefuta mashine, ameweka karatasi mpya, na amepanga bisibisi juu ya kitambaa safi kwa mfuatano wa kutumika. Bundala alikuwa bado kwenye benchi, anamenya karanga.

"Eowaro amerudi," alitangaza.

"Eowaro amekwisha," alisema Mfaume. Alivuta kiti, lakini hakuanza. Alimgeukia Paskazia. "Ulisema zimebadilishana. Ulikuwa umeliona. Mimi ndiye ambaye sikusikia."

"Niliona nusu. Sikujua kwa nini."

"Kwa nini yake ni mimi. Nilikata kama ninayeandika kwenye ubao wa chuo."

Paskazia alifikiri kidogo, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka kwa mkono mdomoni kama walivyofundishwa kwa masista, halafu mkono ukamshinda, akacheka kwa kinywa wazi. Mfaume naye akacheka. Ilikuwa ajabu jinsi jambo lile lilivyokuwa jepesi likishasemwa.

Safari hii alitia kitana kimoja tu, N, akakirudisha kigurudumu, akabonyeza. Mashine ilichapa N, kisha ikapita kimya. Alimtazama Paskazia. Paskazia alitingisha kichwa kukubali. Alitia vilivyobaki. Pete ilishika kila kikato kama vile vilizaliwa navyo. Ndugu Lugembe alikuwa amefungua mlango wake kidogo, jicho moja nje.

"Bado usibonyeze," alisema Bundala. "Acha waulize wenyewe. Mimi nataka nisikie ikijibu mgeni."

Mfaume alisita. Vidole vilimwasha. Kisha aliweka mikono juu ya magoti, akangoja, na kungoja huko ndiko kulikokuwa kazi ngumu kuliko zote za siku ile.

Saa nane na dakika mbili injini ya mashine iliamka yenyewe, ikavuma. Karatasi ilipanda mstari mmoja. Dar es Salaam walisalimu. Halafu swali likaja, na ndani ya mashine kitu kidogo kilifyatuka.

Tak-tak-tak. Kimya kidogo. Tak-tak-tak, tak-tak-tak. Ting.

Paskazia aliinama, akasoma kwa sauti, herufi moja moja. "N. T. A. Nafasi. T. A. B. O. R. A."

Meneja alikuwa amekwisha toka mlangoni bila mtu kumwona. Mashine ilinyamaza, kisha Dar es Salaam wakachapa tena, na Paskazia akasoma: "Asante, Nta Tabora. Jina limeandikwa."

Bundala alivua kofia. Alisogea mpaka kwenye mashine, akaweka kiganja juu ya kifuniko chake kilichokuwa na joto, kama anavyougusa mzinga kusikiliza kama nyuki wamo. "Umesema vizuri," aliiambia. Kisha akakaa chini sakafuni pale pale, akanyoosha miguu, akafumba macho. Alikuwa hajalala tangu Jumatano.

Ndugu Lugembe alimshika Mfaume bega. Alitaka kusema jambo rasmi, lilionekana kabisa, lakini aliliacha. "Kurasa mbili," alisema mwishowe. "Safari nyingine andika moja." Akaenda zake huku akijifuta shingo kwa leso, na kutoka chumbani kwake wakamsikia akipiga mluzi.

Paskazia alikuwa anaandika ujumbe wa mnunuzi, ule uliongoja wiki tatu. Vidole vyake vilikwenda upesi. Mfaume alikusanya meno yaliyovunjika kutoka kwenye gazeti, akayafungia kwenye kipande cha karatasi. Kwenye bahasha vilikuwa vimebaki vitana viwili, vyenye meno yote.

Aliviweka mezani mbele ya Paskazia.

"Nini hivi?"

"Vyako. Vya kujifunzia."

"Si kazi ya kupiga herufi," alisema Paskazia, na hakuacha kuandika.

"Nilisema hivyo?"

"Asubuhi. Na Bundala alisikia."

"Nilisikia," alisema Bundala kutoka sakafuni, macho yamefumbwa.

"Basi na hili asikie," alisema Mfaume.

"Sema kwa sauti, fundi. Sikio langu moja lina mwiba wa nyuki."

Mfaume alisimama. Alipandisha sauti mpaka wapagazi kule ghalani wakageuka, na mluzi wa meneja ukakatika.

"Paskazia, Jumatatu saa tatu nitakaa nawe hapa dirishani, nikufundishe kigurudumu hiki tangu kitana cha kwanza mpaka utakapoweza kunisahihisha mimi. Na siku yoyote utakayoniona nakata herufi ya pili kabla hatujaijaribu ya kwanza, ninyang'anye koleo, nami sitakuuliza kwa nini."